Kueleza shaka kwa Kihispania: jinsi ya kutumia subjuntivo bila kubahatisha

Mwanafunzi wa Kihispania akishamaliza wakati uliopo, uliopita na ujao, huja na maswali yaleyale. Kwa nini watu husema *creo que viene*, lakini wakikanusha inageuka *no creo que venga*? Kwa nini *a lo mejor* na *puede que* zote ni "huenda", ila kitenzi kinachofuata hakifanani? Na kwa nini kila akiandika *no creo si viene* anakatwa maksi?

Majibu yote yanarudi kwenye subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaja jambo bila kulitangaza. Yako hapa chini, kwa mpangilio wa kufanyia kazi. Nimemfikiria zaidi mtu anayeongoza watalii kaskazini mwa Tanzania au Maasai Mara, kwa sababu huyo hapitishi siku bila kusema "sidhani", "huenda" au "sina hakika". Wanyama hawana ratiba, na mgeni aliyeahidiwa chui asimwone atanuna hadi kambini. Ila kama unajiandaa na mtihani wa DELE (cheti cha Kihispania kwa wageni) wa ngazi ya B1 au B2, au una ndugu huko Hispania, hatua hazibadiliki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe unajua umbo la *yo* katika wakati uliopo kwa vitenzi vya kila siku: *hablo, como, vivo, tengo, vengo, hago, digo, salgo, pongo, conozco*. Hili halina njia ya mkato. Asiyejua kwamba *tener* inatoa *tengo* hatafika *tenga*. Kama bado unababaika, funga ukurasa huu, kaa wiki moja na orodha hiyo, kisha urudi.

Uwe na daftari lenye ukurasa uliopigwa mstari katikati, na simu inayorekodi sauti. Vitabu vya ziada, programu za kulipia na majedwali ya nyakati zote za subjuntivo viweke kando. Wakati uliopita wake tutaugusa kidogo tu mbele.

Nadharia, kwa kiasi cha kukuvusha

Kihispania kina namna mbili za kukivika kitenzi. Indicativo ni ya kutangaza: nasema jambo fulani liko hivi. Subjuntivo ni ya kulitaja jambo bila kulitangaza: ninaliweka mezani, ila sisemi kwamba liko hivyo.

Kiswahili nacho kina umbo la -e: *nataka aje, mwambie asubiri, afadhali tuondoke*. Hapo Kihispania kinaweka subjuntivo: *quiero que venga, dile que espere, es mejor que nos vayamos*. Kwa matakwa na maagizo, basi, mzungumzaji wa Kiswahili ameshatangulia. Shida inaanzia kwenye shaka. Sisi tunasema *sidhani kama atakuja, sina hakika kama wamefika, nina shaka kama ataweza*, na hakuna -e hata moja. Ukilifuata sikio lako huoni sababu ya kukigusa kitenzi, na ndipo wengi wanapokosea.

Kuna sehemu moja tu ambapo Kiswahili kinafanya jambo la karibu, nayo ni "huenda". Tunasema *huenda akaja, huenda ikanyesha*. Kitenzi kinaacha -ta- na kuvaa -ka-, kwa sababu hatutangazi kwamba atakuja. Ukitamka *puede que venga*, sikia "huenda akaja" kichwani. Itakusaidia kuliko kanuni kumi.

Hatua ya 1: Tengeneza umbo

Chukua umbo la *yo*, ondoa *o* ya mwisho, kisha ubadilishe irabu. Vitenzi vya -ar vinachukua *e*. Vya -er na -ir vinachukua *a*.

*Hablar*, yo hablo: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen.
*Comer*, yo como: coma, comas, coma, comamos, comáis, coman.
*Venir*, yo vengo: venga, vengas, venga, vengamos, vengáis, vengan.

Umbo la tano ni la *vosotros*. Wageni kutoka Hispania wanalitumia wao kwa wao. Wa Amerika ya Kusini wanasema *ustedes*, yaani umbo la sita. Ukiwa kazini *ustedes* inakutosha kwa wote, na ni ya heshima.

Vitenzi sita haviendi na kanuni hii, vikariri tu: *ser* (sea), *estar* (esté), *ir* (vaya), *haber* (haya), *saber* (sepa), *dar* (dé).

Tahadhari ya kwanza: usiweke -e kila mahali. Kosa hili ni letu kabisa. Kwa kuwa kwetu -e ndiyo alama ya *aende, asome, ale*, mkono unaandika *quiero que come* na *no creo que vive aquí*, mwandishi akiamini amebadilisha. Hajabadilisha kitu, *come* na *vive* ni indicativo ya kawaida. Irabu inahamia upande wa pili: penye *a* weka *e*, penye *e* weka *a*. Habla inakuwa hable, come inakuwa coma, vive inakuwa viva.

Habari njema ni kwamba irabu tano za Kihispania ni zetu zilezile. Tofauti ya *come* na *coma* unaisikia mara moja na kuitamka bila jasho, jambo linalowasumbua sana wanaotoka kwenye Kiingereza. Ila angalia *haya*: h haitamkwi. Sema "aya". Ukisema "haya" kama unamkubalia mtu, mgeni atatabasamu.

Tahadhari ya pili ni ya tahajia. *Llegar* inatoa *llegue*, *buscar* inatoa *busque*, *cruzar* inatoa *cruce*. Sauti haibadiliki; herufi zinabadilika ili kuilinda. Na vile vitenzi vinavyopasua irabu, kama *poder* na *dormir*, havipasui kwenye *nosotros*: pueda lakini podamos, duerma lakini durmamos.

Hatua ya 2: Jiulize kama unatangaza

Kabla ya kufungua mdomo, kata sentensi yako kwenye *que* na uitazame sehemu ya pili peke yake. Je, uko tayari kuisimamia kama kauli yako?

*Creo que los ñus cruzan hoy.* Nadhani nyumbu wanavuka leo. Kata: "nyumbu wanavuka leo". Ndiyo, hiyo ndiyo kauli yangu, hata kama naisema kwa upole. Indicativo.

*No creo que los ñus crucen hoy.* Kata: "nyumbu wanavuka leo". La, siisimamii. Subjuntivo.

Hapa ndipo penye swali linaloulizwa kuliko yote: mbona *creer* ni kudhani, na kudhani si uhakika, kwa nini haichukui subjuntivo? Kwa sababu Kihispania hakipimi kiasi cha uhakika. Kinauliza kama umetangaza au hukutangaza. Ndiyo maana *es probable que* inachukua subjuntivo hata ukiwa na hakika karibu yote, na *supongo que* inachukua indicativo hata ukiwa unakisia tu. Ukiendelea kupima asilimia za uhakika utakosea nusu ya sentensi zako.

Hatua ya 3: Jaza ukurasa wenye mstari katikati

Upande wa kushoto andika vianzio vinavyofuatwa na indicativo: *creo que, pienso que, me parece que, supongo que, me imagino que, sé que, es verdad que, está claro que, estoy seguro de que* (mwanamke anasema *segura*).

Upande wa kulia andika vya subjuntivo: *no creo que, no pienso que, no me parece que, dudo que, niego que, es posible que, es imposible que, es probable que, puede que, no es verdad que, no es seguro que, no estoy seguro de que*.

Utaona kwamba sehemu kubwa ya upande wa kulia ni upande wa kushoto uliokanushwa. Mzigo wa kukariri si mkubwa kama unavyoonekana. Yanayobaki ni *dudar*, *negar*, na familia ya *posible*.

Chini ya ukurasa acha nafasi ya vigeugeu: *quizás, tal vez, posiblemente, probablemente*. Hivi vinakubali vyote viwili. *Quizás vengan mañana* na *quizás vienen mañana* zote ni sahihi. Ya kwanza inaacha umbali zaidi. Kwa kuandika na kwa mtihani chagua subjuntivo. Ila kigeugeu kikikaa baada ya kitenzi, ruhusa inaisha: *vienen mañana, quizás*. Hapo ni indicativo tu, kwa kuwa kauli ilishatoka mdomoni kabla shaka haijafika.

Halafu kuna *a lo mejor*. Maana yake ni "huenda", inatumika kila dakika kwenye maongezi, na inachukua indicativo siku zote. Hispania utasikia pia *igual* ikifanya kazi hiyohiyo: *igual cruzan esta tarde*. Usitafute mantiki, zichukue zilivyo.

Fikiria mko Kogatende, kingo za mto Mara, mwezi wa Agosti. Nyumbu wamejikusanya juu ya ukingo, vumbi limetanda, wa mbele anashuka hadi majini, ananusa, anageuka. Kundi zima linageuka naye. Mgeni anakutazama. Una sentensi mbili zenye ujumbe mmoja:

*A lo mejor cruzan.*
*Puede que crucen.*

Irabu moja ndiyo inayotofautisha. Zirekodi kwenye simu, moja baada ya nyingine, na ubadilishe kitenzi: *a lo mejor vuelven, puede que vuelvan, a lo mejor llueve, puede que llueva, a lo mejor hay un cocodrilo, puede que haya un cocodrilo*. Zoezi hili moja, ukilirudia kila asubuhi garini, lina faida kuliko kurasa za majedwali.

Tahadhari: *puede que* haibadiliki kwa nafsi. Hakuna *puedo que* wala *podemos que*. Na usiichanganye na *puede venir*, ambayo ni "anaweza kuja", yaani ana uwezo au ruhusa.

Hatua ya 4: Ondoa "kama"

"Sidhani kama atakuja." Mwanafunzi anatafsiri neno kwa neno, "kama" inakuwa *si*, na inatoka *no creo si viene*. Mhispania hasemi hivyo. Baada ya *no creo* kuna njia moja, *que* na subjuntivo: *no creo que venga*. Hata pale unapoiacha "kama" ukasema tu "sidhani atakuja", *que* ya Kihispania haiachwi.

"Kama" inageuka *si* kwenye maulizo ya ndani: *no sé si viene* (sijui kama anakuja), *me pregunto si hay agua* (najiuliza kama kuna maji). Na baada ya *si* hiyo subjuntivo ya wakati uliopo haiingii. *No sé si venga* utaisikia kwa baadhi ya watu wa Mexico na majirani zake, lakini usiianze wewe.

Kwa hiyo "kama" moja ya Kiswahili ina milango miwili. Kabla yake kuna "sijui" au "najiuliza"? Pita kwa *si* na indicativo. Kuna "sidhani", "nina shaka", "siamini"? Pita kwa *que* na subjuntivo.

"Sina hakika kama" ndiyo yenye uhuru wa kupita popote: *no estoy seguro de que hayan llegado*, au *no estoy seguro de si han llegado*. Zote nzuri. Kitenzi tu ndicho kinachofuata mlango uliouchagua.

Hatua ya 5: Panga wakati

Subjuntivo haina wakati ujao kwenye maongezi ya leo. *Venga* inabeba "anakuja" na "atakuja" pamoja. Kesho au mwakani utaisema kwa neno lingine kwenye sentensi. *No creo que venga mañana.* Wanaokosa hapa huandika *no creo que vendrá*, kwa kuwa -ta- ya "atakuja" inawavuta.

Jambo likiwa limeshatokea, au unashuku kama lilitokea, tumia *haya* na umbo la -ado au -ido: *no creo que hayan cruzado* (sidhani kama wamevuka), *es posible que el leopardo se haya ido* (yawezekana chui ameondoka).

Shaka yenyewe ikiwa ni ya jana, kitenzi cha pili kinarudi nyuma nayo: *no creía que fueran tantos*, sikudhani wangekuwa wengi hivi. Umbo hili linatokana na *ellos* ya wakati uliopita: *vinieron* inatoa *viniera*, *fueron* inatoa *fuera*, *hicieron* inatoa *hiciera*. Kwenye vitabu na magazeti utakutana pia na *viniese, fuese*. Shaka ni ileile, mavazi tofauti. Kwa sasa ishia hapo.

Hatua ya 6: Maswali na makatazo

Ukimuuliza mtu anachodhani, indicativo inatosha: *¿Cree usted que va a llover?* Swali la kukanusha nalo, kama *¿No cree que es muy caro?*, kwa kawaida linabaki na indicativo, maana huulizi kwa shaka. Unamvuta mwenzako akubaliane nawe.

Makatazo yanashangaza zaidi: *no creas que es fácil*, usidhani ni rahisi. Kuna *no* na kuna *creer*, lakini kitenzi ni *es*. Kile unachosimamia wewe ni kwamba si rahisi, na unamwonya mwenzako. Wanaokariri kanuni ya "no creer ni subjuntivo" bila kuelewa huumia hapa.

Hatua ya 7: Shaka kuhusu kuwepo kwa kitu

*Conozco a un guía que habla suajili.* Namjua mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Yupo, ninaweza kumwita. Indicativo.

*Busco un guía que hable suajili.* Natafuta mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Yeyote, kama yupo. Subjuntivo.

Kiswahili kinaweka "anayezungumza" pote pawili, kwa hiyo jisimamishe uulize: huyu mtu nimeshamshika kichwani, au bado ni kivuli? Kwa asiyekuwepo kabisa hakuna mjadala: *aquí no hay nadie que sepa arreglarlo*, hapa hakuna anayejua kukitengeneza. Dereva ambaye gari limemharibikia njiani ataihitaji mapema kuliko anavyodhani.

Hatua ya 8: Aunque, zawadi kwa Waswahili

*Aunque llueve, salimos.* Ingawa mvua inanyesha, tunatoka.
*Aunque llueva, salimos.* Hata kama mvua itanyesha, tunatoka.

Wageni wengi wa lugha hii huhangaika hapa kwa miezi. Wewe unaifahamu tayari: "ingawa" inakupa indicativo, "hata kama" inakupa subjuntivo. Ukisonga mbele utakutana na *aunque* yenye subjuntivo kwa jambo linalojulikana pia, lakini kwa kuanzia mgawanyo huu hautakuangusha.

Sikiliza yote yakifanya kazi pamoja

Mgeni mmoja na mwongozaji wake, garini, karibu na mto:

— ¿Cree que cruzarán hoy?
— No creo que crucen ahora. Todavía hay pocos en la orilla. Puede que lo hagan esta tarde.
— ¿Y vamos a ver un leopardo?
— Es posible que veamos uno, pero no se lo puedo prometer. A lo mejor hay alguno en aquel árbol grande.
— ¿Hay cocodrilos en esta parte del río?
— Estoy seguro de que hay. No creo que sea buena idea bajar del coche.

Yaani: je, watavuka leo? Sidhani kama watavuka sasa, bado ni wachache ukingoni, huenda wakavuka jioni. Na chui? Yawezekana tukamwona mmoja, ila siwezi kuahidi. Huenda yuko mmoja kwenye mti ule mkubwa. Mamba wapo sehemu hii? Nina hakika wapo, na sidhani kama ni wazo zuri kushuka garini. Angalia jinsi *hay* ilivyobaki *hay* mara mbili: baada ya *a lo mejor* na baada ya *estoy seguro de que*. Soma kwa sauti, halafu badilisha *estoy seguro* iwe *no estoy seguro* na uone kitakachotokea: *no estoy seguro de que haya*.

Ukikwama

*Umesahau umbo katikati ya sentensi.* Usinyamaze. Kuna njia tatu za kueleza shaka bila subjuntivo, na Wahispania wenyewe wanazitumia kutwa: *a lo mejor*, *no sé si*, na wakati ujao wa kukisia. Huu wa mwisho ni sawasawa na wetu. Tunaposema "itakuwa saa kumi na moja" tukiwa hatuna saa, wao wanasema *serán las cinco*. Simba haonekani? *Estará durmiendo en la sombra*, atakuwa amelala kivulini.

*Unataka kujikinga unapotoa taarifa.* Anza na *que yo sepa*, yaani "kwa ninavyojua": *Que yo sepa, la puerta abre a las seis.* Subjuntivo imo ndani ya *sepa* peke yake. Kinachofuata ni cha kawaida.

*Umesikia "no dudo que viene" na pia "no dudo que venga".* Zote zipo. Ukikana shaka unatangaza, kwa hiyo indicativo ni chaguo salama.

*Hujui kama ni "dudo que" au "dudo de que".* Zote zinakubalika. Lakini kwenye *seguro* usiiache *de* unapoandika: *estoy seguro de que*.

*Umesikia mtu akisema "haiga".* Ni *haya* ya mitaani na mashambani. Uielewe, usiiandike. Na usichanganye *haya* na *halla*, inayotokana na *hallar*, kupata au kukuta. Kwa wazungumzaji wengi zinasikika sawa, kwenye karatasi ni mbali.

*Mwalimu amekuwekea alama nyekundu kwenye neno unaloliona sahihi.* Tazama alama ya mkazo. *Esté* ni subjuntivo, *este* ni "huyu". *Dé* ni subjuntivo, *de* ni "-a" unganifu.

*Unashangaa kama unaweza kusema "no creo que pueda" ukiwa unajizungumzia.* Unaweza, na *no creo poder* pia. Ila kwenye kutaka, nafsi moja inalazimisha kitenzi kisichobadilika: *quiero ir*, kamwe si *quiero que yo vaya*.

Jipime

Funika majibu kwa kiganja, andika yako, kisha ulinganishe.

1. Sidhani kama mvua itanyesha leo.
2. Huenda simba wamelala. (tumia *puede que*)
3. Nadhani geti linafungwa saa kumi na mbili jioni.
4. Sijui kama wamefika.
5. Sina hakika kama wamefika.
6. Tutakwenda hata kama mvua itanyesha.
7. Hapa hakuna anayezungumza Kihispania.
8. Sikudhani wangekuwa wengi hivi.

Majibu: 1. *No creo que llueva hoy.* 2. *Puede que los leones estén durmiendo.* 3. *Creo que la puerta cierra a las seis de la tarde.* 4. *No sé si han llegado.* 5. *No estoy seguro de que hayan llegado* (au *de si han llegado*). 6. *Iremos aunque llueva.* 7. *Aquí no hay nadie que hable español.* 8. *No creía que fueran tantos.*

Ukiwa umekosa ya 4 au ya 5, rudi Hatua ya 4 kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiwa umekosa ya 3, kuna uwezekano umeanza kuweka subjuntivo baada ya kila *que*, na huo ni ugonjwa wa wiki ya pili. Soma tena Hatua ya 2. Ya 8 ukiikosa usijali, hiyo iache mpaka nyingine saba ziwe zinatoka bila kufikiri.